Baba Mgeni, Watoto Wenyeji



Naomba nianze na kitenzi. Katika Kiswahili mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mmoja anatenda, mwingine anatendewa, na huyo anayetendewa ndiye anayefungasha mizigo. Mtu akiuliza "Fulani ameolewa wapi?" anataka kujua siku hizi anaishi wapi. Akiuliza "Fulani ameoa wapi?" anataka kujua ukweni kwake tu, makazi ya huyo bwana hayaulizwi, yanajulikana, yapo kwa baba yake. Nimekaa katika kazi ya uwakili muda wa kutosha kuamini kwamba Sheria yetu ya Uraia, ingawa imeandikwa kwa Kiingereza, ilifikiriwa kwa kitenzi hicho.

Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357 ya sheria zetu, kinampa mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote, maadamu mume wake yu hai. Haya, tafuteni kifungu kinachomhusu mwanamume aliyemwoa raia wa Tanzania. Someni mpaka jedwali la mwisho, hamtakiona. Yeye anapanga foleni moja na mgeni aliyeshuka juzi uwanja wa ndege, asiye na mke hapa wala mtoto. Kwamba ana watoto wanne wanaosoma Nyakato hapa Mwanza, wote raia, ni habari njema kwa watoto. Kwake yeye haina kifungu.

Msidhani nawazungumzia watu wa mbali. Kabla ya mwaka 1977 meli za ziwani zilikuwa za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na baharia wa Kisumu aliyelala Mwanza au Port Bell alikuwa bado yuko kazini kwake, ndani ya Jumuiya moja ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na mtu aliyekuwa fundi mwenzenu bandarini akaamka mgeni. Miaka ya 1990 vikaja viwanda vya minofu ya sangara pamoja na mafundi wake na marubani wa ndege za mizigo. Kisha dhahabu: mgodi wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000 tukapata majirani kutoka Ghana, Afrika Kusini na Australia. Ongezeni walimu wa Kenya kwenye shule za Kiingereza, wanamuziki wa Kongo, na wafugaji wa Rwanda na Burundi ambao hata wao hawakumbuki ni lini hasa babu alivuka mto Kagera. Wengi walikuja, wakavuna, wakaondoka. Baadhi wakaoa, wakabaki. Sangara mwenyewe alitiwa humu ziwani na watu katika miaka ya 1950, na leo anaitwa samaki wa Mwanza bila mtu kumwuliza baba yake alizaliwa wapi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe huyu baba alikwishapewa. Analipa ada za shule, anachangia misiba ya mtaani, anagombana na mafundi bomba kwa Kiswahili kisicho na kasoro. Anachokosa ni karatasi isiyo na tarehe ya mwisho.

Tuitazame basi hiyo foleni aliyowekwa. Tajnisi ya mgeni wa kawaida inataka awe ameishi nchini mfululizo miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia hiyo miezi 12, awe ameishi hapa kwa jumla isiyopungua miaka saba. Ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha, awe na tabia njema, aonyeshe mchango wake kwa taifa, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Ombi hupokelewa na Idara ya Uhamiaji, hujadiliwa katika vikao vya usalama vya ngazi za chini, tangazo hutolewa gazetini ili mwenye pingamizi aseme, kisha jalada huenda kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Akikubaliwa, lazima aukane uraia wake wa zamani na kula kiapo. Akikataliwa, Waziri halazimiki kumwambia sababu, na sheria inasema uamuzi huo ni wa mwisho, usiokatiwa rufaa wala kupitiwa na mahakama yoyote. Nimewahi kumsomea kifungu hicho mteja mmoja, mzee mtaratibu sana. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa wakili, wewe hapa unafanya nini?"

Sina ugomvi na masharti yenyewe. Miaka saba au minane si mingi kwa jambo zito kama uraia, na nchi ina haki ya kumchunguza anayebisha hodi. Ugomvi wangu ni hesabu. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 ilipotungwa ilitoa kibali cha kazi cha miezi 24, kilichoweza kuhuishwa, lakini jumla yake isizidi miaka mitano. Mwekezaji ndiye aliyeweza kuongezewa zaidi. Sasa mchukue mhandisi wa kiwandani Ilemela, mwajiriwa, aliyemwoa binti wa Magu. Sheria moja inamwambia: ishi hapa miaka saba, na mmoja juu, ndipo uje. Sheria nyingine ilimwambia: ukifika mitano, kazi basi. Angeipata wapi miaka iliyobaki? Angefungua kampuni ajiite mwekezaji, au angeishi kama mtegemezi wa mke wake asiyeruhusiwa kufanya kazi, au angekuwa anatoka na kuingia kwa visa ya matembezi katika nyumba anamolala na familia yake. Njia zote tatu nimeziona. Ile ya tatu ndiyo inayoishia mahabusu.

Watu huniuliza: kwani hawezi kuomba ukaazi wa kudumu tu, uraia auache? Hapa lazima niwavunje moyo. Hati zetu za ukaazi ni za madaraja: A ya mwekezaji na aliyejiajiri, B ya mwajiriwa, C ya wengineo kama mtafiti, mwanafunzi, mmisionari na mstaafu. Zote zina tarehe ya kufa. Daraja la mzazi wa mtoto Mtanzania halimo. Wenzetu wa Kenya walitunga sheria yao mwaka 2011 na wakaweka ukaazi wa kudumu humo. Mwenzi wa raia, mume au mke, anaweza kuuomba ndoa ikitimiza miaka mitatu, na Katiba yao ya 2010 inamruhusu kuomba uraia ndoa ikitimiza miaka saba. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kutumika Julai 2010, ambayo wengi hudhani ilimaliza maneno haya, ilitoa haki ya kuhama na kukaa kwa ajili ya kazi, lakini suala la ukaazi wa kudumu ikaziachia nchi kila moja na sheria zake. Ndiyo kusema Mluo wa Homa Bay aliyeoa Shirati ana jumuiya ya nchi nyingi nyuma yake, na bado anahuisha kibali.

Sasa nirudi kwa mwanamke, maana msije mkadhani kifungu cha 11 kilimwachia neema. Nisikilizeni vizuri hapa, hasa kina mama mlioolewa kutoka nje. Maneno ni haya: maadamu mume yu hai. Haki hiyo inakufa siku anayokufa mume. Mke wa kutoka Uganda aliyekaa Mwanza miaka 20 na kila mwaka akasema "mwakani", mume akianguka ghafla, kesho yake asubuhi anakuwa mgeni wa kawaida wa foleni ile ndefu, tena akiwa kwenye eda au ndani ya tanga. Wengi huchelewa kwa sababu moja, wala si uzembe: hawataki kuukana uraia wa kwao. Hapo kwa Mkenya kuna nafuu ambayo watu hawaijui. Sheria ya Kenya inamruhusu raia wa kuzaliwa aliyepoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine kuomba kurudishiwa. Sisi ndio tusioruhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Mlango wa kurudi kwao haukufungwa.

Na kifo hakiondoi hati ya ukaazi peke yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi ila kwa uwekezaji. Nyumba aliyoijenga mume mgeni na mke wake Buhongwa ilisajiliwa kwa jina la mke, kwa kuwa haikuwezekana vinginevyo. Mke akitangulia, na mashemeji wakiwa watu wa njaa, mjane huyo wa kiume anajikuta akihesabu vitu viwili kwa pamoja, siku za kibali chake na siku za shauri la mirathi. Mara nyingi watoto ndio wanaomwokoa, kwa kuwa wao ni raia na warithi. Wakiwa wadogo, anasimamishwa msimamizi, na msimamizi huyo ni mjomba. Namwachia kila mmoja wenu amfikirie mjomba anayemjua.

Ajabu ni kwamba mila za huku kwetu zilikuwa na akili pana zaidi katika jambo hili. Kwa Wasukuma, ng'ombe wa mahari wasipotolewa, watoto huhesabiwa upande wa mama, na baba huweza kuja baadaye kuwakomboa kwa ng'ombe. Mnaweza kuichukia desturi hiyo kwa sababu nyingine, nami ninazo zangu. Lakini ilijua kwamba kuna wanaume wanaohamia kwa wake zao, na ikawapa njia ya kutengeneza mambo yao na wazee wa pale walipohamia. Sheria ya 1995 ilichukua nusu moja tu ya mila, ile ya mke kufuata mume, ikaipiga muhuri.

Ndugu zangu, kuna mzigo wa pili wa mzazi mgeni, nao huwaangukia watoto, wakati mwingine baada ya miaka 40. Tarehe 9 Desemba 1961 uraia wa Tanganyika ulitolewa kwa yule aliyezaliwa humu na ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa humu. Aliyezaliwa hapa kwa wazazi waliotoka nje alipewa muda wa miaka miwili kujiandikisha. Oktoba ya mwaka huohuo, baadhi ya wabunge walipotaka uraia ufuate rangi, Mwalimu Nyerere alisema Serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali. Rangi ikashindwa. Kizingiti cha mzazi kikabaki, na hakuna aliyekiona kuwa ni tatizo, maana mjini Mwanza kila mtu alidhani kinawahusu Wahindi wenye maduka. Nani angemwambia mchunga ng'ombe wa Ngara kwamba kuna fomu ya kujaza kwa sababu mama yake alizaliwa upande wa pili wa kilima?

Mwaka 2001 kizingiti hicho kikamnasa Jenerali Ulimwengu. Mzaliwa wa Ngara, mwandishi na mchapishaji wa magazeti, aliyekuwa amekwisha kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, Serikali ikatangaza kwamba si raia, kwa hoja ya asili ya wazazi wake. Wengine wa kariba yake walitangazwa pamoja naye. Baadaye aliupata uraia kwa kuuomba. Mtu aliyewahi kuiwakilisha nchi akaiomba nchi hiyohiyo impokee. Mimi siyo mpelelezi wa sababu za kisiasa za jambo lile; ninachosema ni kwamba silaha ilikuwepo, imelala ndani ya cheti cha kuzaliwa cha mzazi, ikisubiri mtu wa kuiokota.

Yeye alikuwa na kalamu na jina. Wa Butiama hakuwa navyo. Anudo Ochieng Anudo, mzaliwa wa mwaka 1979, alikuwa na pasipoti ya Tanzania. Mwaka 2012, akifuatilia mambo ya ndoa yake, polisi waliishika pasipoti hiyo wakitilia shaka uraia wake. Mwaka 2014 akaondoshwa kwenda Kenya. Kenya nao wakasema si wetu, wakamrudisha. Akaishi Sirari, katika kile kipande cha ardhi kati ya geti na geti ambako wengi wenu mmepita mkikimbilia basi la Kisii bila kudhani kwamba kuna mtu anaishi pale. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua shauri lake tarehe 22 Machi 2018. Ikasema: mtu aliyekuwa anatambuliwa kuwa raia, tena kwa hati mliyompa wenyewe, ninyi ndio wa kuthibitisha kwamba si raia, siyo yeye kuthibitisha kwamba ni raia. Kama shaka ilikuwa ni nani hasa wazazi wake, kipimo cha DNA kilikuwepo. Na ikaitaka Tanzania irekebishe sheria ili mwenye mgogoro wa uraia awe na mahakama ya kwenda. Novemba 2019 nchi yetu ikaondoa tamko lililokuwa linawaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Kwa hiyo anayefuata hana njia ya Arusha tena, na njia ya nyumbani ni kile kifungu nilichomsomea mzee wangu.

Kati ya visa hivyo viwili kulikuwa na Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, ya kuwaondoa wasio raia, Kagera, Geita na Kigoma. Waliokuwa pwani ya ziwa upande wa Biharamulo na Chato wanakumbuka: baba ameondoshwa, mama na watoto wamebaki, au kinyume chake, na ng'ombe wakigawanywa harakaharaka kwa bei ya machozi. Sisemi kwamba wote walioondoshwa walikuwa na haki ya kubaki. Nasema nyumba zilikatwa katikati kwa sababu ndani ya nyumba moja mlikuwa na raia na wasio raia, na hakuna karatasi iliyokuwa imewahi kuwaunganisha. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinathibitisha kwamba mtoto alizaliwa, wapi na kwa nani. Hakithibitishi uraia, wala hakimpi mzazi chochote.

Nataka kuwaelezeni jinsi wengine walivyolitatua, na mtaona kwamba hakuna mkarimu wa bure. Binti wa Mwanza akijifungua London, mtoto si Mwingereza kwa kuzaliwa pale tu. Tangu Januari 1983 lazima mzazi mmoja awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Akijifungua Houston mtoto ni Mmarekani papo hapo, lakini hawezi kumwombea mama yake hati mpaka atimize miaka 21, na mama asidanganywe na wapiga debe wanaouza safari za kujifungua. Ulaya bara kuna hukumu ninayoipenda kuliko zote. Bwana Ruiz Zambrano, wa Colombia, alikuwa Ubelgiji bila kibali na watoto wake wadogo walikuwa raia wa Ubelgiji. Machi 2011 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema kumnyima baba huyo ukaazi na ruhusa ya kufanya kazi ni kuwafukuza watoto, maana mtoto mdogo hakai nchini peke yake. Tangu hapo wamebanabana hukumu hiyo kwa masharti, lakini hoja yake haijajibiwa: uraia wa mtoto una maana gani ikiwa anayemlisha anaweza kupakiwa kwenye gari kesho? Botswana ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Unity Dow, mwanasheria aliyeolewa na Mmarekani, aliishitaki nchi yake kwa sababu watoto wake waliozaliwa ndani ya ndoa hawakuhesabiwa raia, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi. Hapo sisi tuko mbele: mama Mtanzania anampa mtoto uraia sawa na baba. Tulimpa haki ya kumrithisha mtoto, tukamnyima ya kumleta mume.

Wapo wanaoniambia: wakili, ukifungua mlango huo wanaume watakuja kuoa karatasi. Watakuja, ndiyo. Na wanawake hawawezi kuolewa na karatasi? Kifungu cha 11 kimekuwepo miaka yote hii bila hata kuuliza ndoa ina umri gani; bibi arusi anaweza kuomba kabla keki haijakauka. Kama hofu ni ndoa za uongo, dawa yake ni muda, watoto na uchunguzi wa pale wanapoishi, na balozi wa nyumba kumi anajua kuliko ofisi yoyote nani analala wapi. Nitaunga mkono hata miaka mitano ya ndoa, mradi imhusu mke na mume sawasawa, na mradi anayeisubiri apewe hati ya kukaa na kufanya kazi bila kukatizwa. Mwaka 2025 Bunge liligusa sheria za uhamiaji na ardhi ili kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine. Nimefurahi kwa ajili yao. Ina maana tunaweza kumfikiria mtu aliyeondoka kwetu akawa wa kwingine. Huyu aliyetoka kwingine akawa wa kwetu hakutajwa.

Wakati ukifika wa kukaa mezani, nimekwisha kuandaa rasimu yangu, nayo haifiki nusu ukurasa. Katika kifungu cha 11, palipoandikwa mwanamke, paandikwe mtu; palipoandikwa mume, paandikwe mwenzi; yale maneno ya maadamu yu hai yafutwe, na mjane mwenye watoto aongezwe kwa kutajwa. Katika sheria ya uhamiaji iongezwe hati ya mzazi wa mtoto raia, isiyoisha mpaka mtoto afikishe miaka 18, wakati ambapo mtoto mwenyewe, kwa sheria yetu ya sasa, anaitwa kuchagua kama atakuwa Mtanzania au wa nchi ya baba yake. Kwa Kiingereza cha sheria, mabadiliko hayo yanahitaji kufuta maneno machache mno. Kwa Kiswahili yatatusumbua zaidi, kwa sababu itabidi tupate namna ya kusema kwamba mwanamume ameolewa Mwanza, na ukumbini humu, hata sasa nilipolitamka, nimesikia kicheko.